Mafunzo ya kujihudumia kwa wenye kisukari: yanastahili muda na faranga za mkazi wa Bwiza?

Mgonjwa wa kisukari anayeonana na daktari kwa robo saa kila baada ya miezi mitatu hutumia saa moja tu kwa mwaka mbele ya mtaalamu. Mwaka una saa 8,760. Zilizobaki huzipitisha peke yake, jikoni, sokoni na kitandani, akiamua mwenyewe ale kiasi gani, kidonge akimeze saa ngapi, na kile kidonda kidogo cha kidoleni akionyeshe leo au akisubirishe hadi Jumatatu. Mafunzo ya kujihudumia yalibuniwa kwa ajili ya saa hizo.

Katika mtaa wa Bwiza, tarafani Mukaza jijini Bujumbura, swali la kama mafunzo hayo yana faida si la nadharia. Bwiza ni mtaa wa maduka, migahawa, nyama choma na biashara ndogondogo. Kwa anayeishi kwa mauzo ya siku, asubuhi moja ya kukaa darasani ni asubuhi moja isiyo na kipato. Tena huduma za bure zilizoanzishwa na serikali ya Burundi mwaka 2006 ziliwalenga watoto walio chini ya miaka mitano na akina mama wanaojifungua. Mtu mzima mwenye kisukari hakuwamo. Kwa hiyo faranga inayolipia nauli au ada ya mafunzo hutoka katika mfuko uleule unaonunua dawa, na ni haki ya mgonjwa kuuliza atapata nini kabla ya kuitoa.

Jibu fupi ni kwamba mafunzo mazuri yanastahili, lakini si kila kinachoitwa mafunzo ni kizuri, na tofauti kati ya kizuri na kibaya inaweza kutambuliwa mapema.

Mafunzo ya namna gani?

Wauguzi na madaktari waliosoma kwa Kifaransa huyaita elimu ya kitiba ya mgonjwa. Ofisi ya Shirika la Afya Duniani, WHO, barani Ulaya ilichapisha mwaka 1998 ripoti iliyoeleza kwamba lengo lake ni kumpa mgonjwa ujuzi wa kuisimamia hali yake mwenyewe, kwa kushirikiana na wahudumu wa afya, si kumpa habari tu. Katika mazungumzo ya kawaida tofauti hiyo hupotea kwa urahisi. Hotuba ya saa moja kuhusu hatari za sukari ni habari. Kumweka mtu mbele ya kipima sukari, akachoma kidole chake mwenyewe, akasoma tarakimu na kusema afanye nini akiona 55, kisha afanye nini akiona 320, huo ni ujuzi.

Kwa kawaida mafunzo kamili hugusa chakula, mwendo wa mwili, dawa na namna ya kuzitumia, upimaji wa sukari, utunzaji wa miguu, na dalili za sukari kushuka au kupanda kupita kiasi. Anayetumia insulini hufundishwa pia kuchoma sindano, kubadilisha mahali pa kuchoma na kuihifadhi dawa yenyewe. Jambo hili la mwisho lina uzito katika mji wenye joto kama Bujumbura, ambako si kila nyumba ina jokofu, na lenye jokofu si kila siku lina umeme. Uchunguzi wa Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva, uliochapishwa mwaka 2021 kutokana na hali ya joto iliyopimwa katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley huko Dadaab, Kenya, ulionyesha kwamba insulini iliyohifadhiwa katika joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 haikupoteza nguvu yake kwa muda wa wiki nne. Wapo waliokuwa wakilazimika kwenda hospitali kila siku kuchomwa sindano kwa sababu tu nyumbani hakuna jokofu. Mkufunzi anayejua habari hii anaweza kumrudishia mtu asubuhi zake zote.

Majaribio yanasema nini

Kipimo kinachotumiwa kujua kama mafunzo yamefaulu huitwa HbA1c, na wengi hukiita kipimo cha miezi mitatu. Hakionyeshi sukari ya asubuhi hiyo, bali wastani wa takriban wiki nane hadi kumi na mbili zilizopita, kwa asilimia. Kwa watu wazima wengi wenye kisukari, madaktari hulenga takriban asilimia 7. Uchunguzi mkubwa wa Uingereza uitwao UKPDS, uliofuatilia watu wenye kisukari cha aina ya pili kwa miaka mingi, ulionyesha mwaka 2000 kwamba kila pointi moja ya HbA1c iliyopungua iliendana na upungufu wa asilimia 37 wa madhara ya mishipa midogo, yaani ya macho, figo na neva, na asilimia 21 wa vifo vinavyohusiana na kisukari. Pointi moja, basi, si kitu kidogo.

Ushahidi wa karibu zaidi na Burundi umetoka Rwanda. Jaribio lililofanyika Kigali na kuchapishwa mwaka 2017 liliwagawa zaidi ya watu 200 wenye kisukari katika makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi moja liliendelea na matibabu ya kawaida. Jingine liliongezewa vikao vya kila mwezi kuhusu chakula na mwenendo wa maisha. Mwaka ulipotimia, HbA1c ilikuwa imeshuka kwa pointi 1.7 kwa waliofundishwa, dhidi ya takriban nusu pointi kwa wenzao.

Bamako, mji mkuu wa Mali, ulitoa somo jingine ambalo huenda ni muhimu zaidi kwa nchi yenye wataalamu wachache. Huko watu 151 wenye kisukari cha aina ya pili, ambao sukari yao ilikuwa juu, walishiriki katika jaribio lililochapishwa mwaka 2018. Waliofundisha hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wenye kisukari wao wenyewe, waliopewa mafunzo ya ukufunzi na kusimamiwa. Baada ya mwaka mmoja, kundi lililofundishwa na wagonjwa wenzao lilikuwa limeshusha HbA1c kwa zaidi kidogo ya pointi moja. Kundi la matibabu ya kawaida halikufikia hata robo ya hapo. Mkazi wa Bwiza akisikia kwamba darasa litaongozwa na mama wa jirani mwenye kisukari, hana sababu ya kulidharau, mradi mama huyo amefunzwa na yuko muuguzi au daktari wa kumrejea.

Hata hivyo, hadithi haiishii kwenye ushindi. Cape Town, Afrika Kusini, jaribio kubwa lililohusisha vituo vya afya 34 na wagonjwa 1,570 lilitoa mafunzo ya vikundi kwa vikao vinne. Shinikizo la damu lilishuka kiasi; HbA1c haikutofautiana na ya wasiofundishwa. Nairobi, katika kliniki moja ya hospitali ya chuo kikuu, watu 140 waligawanywa makundi mawili, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 hayakuonyesha tofauti ya maana ya HbA1c baada ya miezi sita; waliofika mwisho wa utafiti walikuwa 96 tu. Uingereza nako, mafunzo ya saa sita yaitwayo DESMOND yalijaribiwa kwa watu 824 waliogunduliwa kuwa na kisukari hivi karibuni. Baada ya mwaka mmoja washiriki walikuwa wamepungua uzito zaidi na kuielewa hali yao vizuri zaidi, lakini HbA1c yao haikuwa na tofauti ya kutegemewa na ya wenzao.

Kwa nini Kigali na Bamako zifaulu, Cape Town na Nairobi zikwame? Majaribio manne hayatoshi kuthibitisha lolote, na kila mji una mazingira yake. Lakini tofauti moja huonekana kwa macho: palipofaulu, mafunzo yalirudiwa kwa mwaka mzima.

Saa ngapi zinatosha?

Dhana hiyo inaungwa mkono na uchambuzi wa majaribio mengi yaliyowekwa pamoja. Mmoja wa mwaka 2002 ulijumlisha majaribio 31 na kukadiria kwamba ili kupata upungufu wa pointi moja ya HbA1c, mgonjwa alihitaji saa 23.6 za kuwa pamoja na mkufunzi. Uchambuzi huohuo uligundua jambo la kutahadharisha. Faida iliyopimwa mara tu mafunzo yalipomalizika ilikuwa takriban robo tatu ya pointi. Ilipopimwa miezi minne au zaidi baadaye, ilikuwa imebaki takriban robo pointi. Ujuzi usioendelezwa huyeyuka.

Chambuzi za baadaye zimeweka alama ya chini kwenye saa kumi. Mmoja uliochapishwa mwaka 2017, uliojumuisha majaribio 42 na zaidi ya watu 13,000 wenye kisukari cha aina ya pili, ulionyesha kwamba waliofundishwa walikuwa na hatari ndogo ya kufa kwa takriban asilimia 26 katika muda wa kufuatiliwa, na faida hiyo ilijitokeza pale mafunzo yalipozidi saa kumi.

Kwa mwenye duka la Bwiza hesabu hiyo inatafsirika hivi: kikao cha saa moja na nusu kila wiki mbili hufikisha saa kumi katika muda wa takriban miezi mitatu na nusu. Semina ya siku moja, hata iwe na chakula cha mchana na fulana, haifiki. Si kwamba semina ya siku moja ni bure kabisa. Aliyegunduliwa juzi, asiyejua hata jina la kidonge chake, atatoka na kitu. Ila asitarajie sukari ishuke kwa sababu ya siku hiyo, na asikate tamaa isiposhuka.

Kisukari cha aina ya kwanza kina hesabu yake. Mafunzo yaitwayo DAFNE, yenye asili yake Düsseldorf nchini Ujerumani, huchukua siku tano mfululizo na humfundisha mtumiaji wa insulini kupima wanga uliomo katika mlo na kurekebisha dozi kulingana nao. Jaribio la Uingereza la mwaka 2002 lilionyesha upungufu wa takriban pointi moja baada ya miezi sita, pamoja na uhuru zaidi wa kula. Lakini njia hiyo humtaka mgonjwa apime sukari mara kadhaa kwa siku. Asiye na stripu za kupimia hawezi kuifuata, na kumfundisha bila kumpa ni sawa na kumwonyesha mtu ramani gizani.

Lugha ya darasa na sinia la nyumbani

Hospitali za Bujumbura huzungumza Kirundi na wagonjwa, na Kifaransa huandikwa kwenye vyeti. Bwiza na jirani yake Buyenzi ni mitaa ambayo Kiswahili kimekuwa lugha ya nyumba na baraza tangu enzi za Wabelgiji, na wapo wazee, pamoja na wenye asili ya Kongo, ambao Kirundi chao kinatosha sokoni lakini hakitoshi kueleza ganzi ya nyayo. Uchambuzi wa shirika la Cochrane wa mwaka 2014, uliohusu jamii za wachache katika nchi tajiri, ulionyesha kwamba elimu ya kisukari iliyorekebishwa kufuata lugha na utamaduni wa washiriki iliboresha sukari na maarifa kuliko ile ya kawaida. Kwa hiyo anayeuliza, kabla ya kujiandikisha, kama maswali yanaweza kuulizwa na kujibiwa kwa Kiswahili, hajivuni. Anauliza kuhusu dawa.

Mkalimani wa ukoo ni msaada, lakini ana mipaka. Kijana anayemtafsiria baba yake huona haya kutaja nguvu za kiume zilizopungua, nayo ni moja ya athari za kawaida za kisukari. Binti anayemtafsiria mama huficha neno "figo" ili asimtishe. Afadhali mkufunzi anayejua Kiswahili, au mshiriki mwenzake asiye wa familia.

Kisha kuna chakula. Mafunzo mengi hutumia picha ya sahani iliyogawanywa: nusu mboga, robo wanga, robo protini. Ni picha nzuri kwa anayekula kwenye sahani yake. Katika nyumba nyingi za Bwiza watu watano huzunguka sinia moja, mkono kwa mkono, na hakuna anayejua robo yake ilianzia wapi. Mkufunzi anayeijua Bwiza atazungumzia jambo hili kabla hajaonyesha picha: ama mgonjwa apakuliwe pembeni bila kuonekana ametengwa, ama ajifunze kupima kwa ngumi yake, tonge za ugali zisizidi ukubwa wa ngumi moja, kisha mkono urudi kwenye lengalenga na maharage.

Ugali wa muhogo ni wanga karibu mtupu. Wali mweupe na viazi navyo ni wanga. Maharage, ambayo ni chakula cha kila siku Burundi, yana wanga pia, lakini nyuzinyuzi na protini zake hufanya sukari ipande polepole. Mgonjwa aliyeambiwa ayaache kabisa ameambiwa vibaya. Mukeke na ndagala wa Ziwa Tanganyika havipandishi sukari, ingawa mafuta ya kukaangia na chumvi ya kukaushia ni habari nyingine kwa mwenye shinikizo la damu. Chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari, ikinywewa mara nne kwa siku, ni vijiko kumi na viwili ambavyo wengi hawavihesabu kwa sababu si "chakula". Darasa linalofundisha kwa orodha ya tufaha, brokoli na jibini lisilo na mafuta limeletwa kutoka kwingine bila kufunguliwa.

Hesabu ya faranga

Mafunzo hayachukui nafasi ya dawa. Mwenye fedha kidogo, akilazimika kuchagua kati ya kulipia darasa na kununua metformini au insulini ya mwezi, anunue dawa. Hili halina mjadala. Mtu wa aina ya kwanza anayekosa insulini anaweza kufa katika muda wa siku chache. Hakuna ujuzi unaoziba pengo hilo.

Uamuzi huwa mgumu pale dawa inapopatikana na kilichobaki ni kidogo. Hapo inafaa kuuliza gharama yote, si ada tu: nauli ya kwenda na kurudi mara ngapi, mauzo ya asubuhi ngapi, na kama stripu zitatolewa au mshiriki aje nazo. Mfanyakazi wa serikali aliye katika mfuko wa bima wa watumishi wa umma, au mwenye kadi ya msaada wa matibabu, aulize mapema kama kikao kinahesabiwa kuwa huduma ya hospitali au la, maana bima hulipia kilichoandikwa kwenye cheti. Darasa la bure lililo umbali wa kutembea linaweza kuwa bora kuliko la kulipia lililo ng'ambo ya jiji, kwa sababu moja tu: litahudhuriwa. Hospitali ya Prince Régent Charles haiko mbali na Bwiza, vipo vituo vya afya mitaani, na swali la kwanza kwa muuguzi wa kliniki ya kawaida liwe kama kuna siku maalumu ya wenye kisukari.

Upo pia upande wa akiba, ingawa si wa kuahidiwa kirahisi. Aliyejifunza kutazama nyayo zake kila jioni, kwa kioo kidogo au kwa macho ya mtoto wa nyumbani, huona lengelenge la kandambili kabla halijawa kidonda. Neva zilizoharibiwa na sukari haziumi, ndiyo sababu mtu hutembea na msumari ndani ya kiatu bila kujua. Kidonda kilichochelewa hugharimu dawa za wiki nyingi, na kikifika mfupani hugharimu mguu. Kati ya yote yanayofundishwa, somo la miguu halihitaji kifaa wala ada ya maabara, na kama darasa halina muda wa kuvua viatu, hilo ni darasa la kulitilia shaka.

Mwezi wa Ramadhani

Kwa Waislamu wa Bwiza na Buyenzi, pengine mafunzo yenye faida ya haraka zaidi ni yale yanayotangulia mfungo. Mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga kwa mujibu wa Kurani yenyewe, lakini ni wazi kwa kila aliyekaa mitaani humo kwamba wengi hufunga hata hivyo, wengine bila kumwambia daktari. Kumkaripia mtu wa namna hiyo humfanya afiche zaidi.

Shirikisho la Kimataifa la Kisukari, pamoja na jopo la wataalamu wa kisukari na Ramadhani, limetoa miongozo mwaka 2016 na kuifanyia marekebisho mwaka 2021. Inashauri mgonjwa aonane na mhudumu wa afya wiki sita hadi nane kabla ya mwezi, apimwe kiwango cha hatari, na nyakati na dozi za dawa zirekebishwe. Wanaotumia insulini, au vidonge vinavyoishinikiza kongosho kama glibenklamidi, wako katika hatari kubwa zaidi ya sukari kushuka mchana. Funga ivunjwe mara moja sukari ikiwa chini ya miligramu 70 kwa desilita, au ikizidi 300, au mtu akijisikia vibaya. Kuchoma kidole kupima sukari hakufunguzi. Miongozo hiyo inalisema waziwazi, kwa kuwa hofu hiyo ndiyo huwazuia wengi kupima.

Uingereza, utafiti mdogo uliochapishwa mwaka 2010 uliwalinganisha Waislamu 111 wenye kisukari cha aina ya pili waliokuwa wakifunga. Miongoni mwa waliohudhuria mafunzo kabla ya Ramadhani, matukio ya sukari kushuka yalipungua kutoka 9 hadi 5. Miongoni mwa wasiohudhuria yaliongezeka kutoka 9 hadi 36. Makundi hayo hayakugawanywa kwa bahati nasibu, kwa hiyo sehemu ya tofauti inaweza kuwa ya watu wenyewe, si ya somo. Bado ni tofauti ambayo imamu na muuguzi wanaweza kuizungumza pamoja katika mwezi wa Rajabu, wakati bado kuna nafasi.

Somo la sukari kushuka lina utani wake mchungu. Soda ambayo mgonjwa ameambiwa mwaka mzima aiepuke ndiyo hugeuka dawa. Anayetetemeka, anayetoka jasho baridi au anayeanza kuropoka anywe takriban nusu glasi ya soda yenye sukari, au maji yenye vijiko vitatu vya sukari, asubiri dakika kumi na tano, kisha apime au apewe tena kama hajapata nafuu, halafu ale chakula. Asiyeweza kumeza asinyweshwe chochote, apelekwe hospitali. Watu wa nyumbani wanapaswa kulijua hili kuliko mgonjwa mwenyewe, kwani saa hiyo yeye hajielewi. Darasa linaloruhusu kuja na mke, mume au mtoto mkubwa lina thamani maradufu.

Anayefundisha anauza nini?

Mitaani kuna mikutano inayoitwa mafunzo ambayo mwisho wake ni meza ya chupa na unga wa mizizi. Namna ya kuitambua si ngumu. Mkufunzi wa kweli hasemi kwamba kisukari kitapona kabisa baada ya chupa tatu, haombi mtu aache insulini, wala hakasiriki akiulizwa alisomea wapi. Kweli wapo watu wa aina ya pili ambao sukari yao hurudi kwenye kiwango cha kawaida bila dawa baada ya kupungua uzito sana, na jambo hilo limeonyeshwa katika majaribio. Lakini lilifanywa chini ya uangalizi, na hata hao huendelea kupimwa, kwa sababu sukari inaweza kurudi. Anayeacha dawa kwa neno la muuzaji huenda asihisi chochote kwa miezi kadhaa, macho na figo vikiendelea kuharibika.

Darasa halali hueleza mapema litakuwa na vikao vingapi, nani atafundisha, na mshiriki atarejea kwa nani akipata tatizo wiki ya tano. Likikosa jibu la swali hili la mwisho, faida yake huenda isivuke miezi michache iliyotajwa katika uchambuzi wa 2002.

Wasioweza kusubiri darasa

Wapo ambao kwao swali la kujiandikisha ni la baadaye. Mtoto au kijana anayekunywa maji bila kukata kiu, anayekojoa mno na kukonda ndani ya wiki chache, huenda ana kisukari cha aina ya kwanza, na anaweza kufa akidhaniwa ana malaria. Apimwe sukari siku hiyohiyo. Mtumiaji wa insulini anayetapika, anayepumua kwa kasi na kwa kina, au ambaye pumzi yake inanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, asikae nyumbani kungoja kuche. Mwenye kidonda cha mguu kilichobadilika rangi kuwa cheusi, kinachonuka au kinachotoa usaha, hata kama hakimuumi, aonwe na daktari bila kuchelewa. Mjamzito mwenye kisukari anahitaji kliniki sasa, si kozi ya mwezi ujao. Nafasi darasani inaweza kuwekwa na ndugu yake, yeye akiwa tayari amekwenda hospitali.